Mafuta ya boti yanayeyuka Naivasha na mwenyewe niko Donholm. Tufanyeje?

Boti Donholm (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naomba mawazo ya wenye boti, wenye malori, wenye jenereta, na yeyote aliyewahi kulia na mafuta. Najua kuna watakaouliza mtu wa Nairobi anataka nini na boti wakati maji tunayoyajua ni ya Uhuru Park na yale yanayotufuata hadi sebuleni mvua ya Aprili ikinyesha. Sawa, chekeni mmalize. Mimi na wenzangu wawili tuna boti ya watu wanane kule Naivasha, inatembeza wageni wikendi kuwaona viboko na ndege. Mashine ni hospawa 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Matangi ni mawili ya plastiki, mekundu, ya lita 25, yale yanayokaa sakafuni na kuunganishwa kwa mpira wenye kile kibofu cha kuminya.

Boti inalala majini, imefungwa kwenye boya karibu na ngazi. Jumamosi jioni naambiwa tangi moja limejaa. Jumapili asubuhi naambiwa limefika nusu na wageni wanasubiri, tuma pesa. Soja wa ngazi anasema hakuona kitu. Nahodha anasema ni wavuvi wa usiku. Wavuvi wanasema muulize soja.

Bei mnaijua. Tangu petroli ivuke shilingi 200 hapa Nairobi Septemba 2023, hata iliposhuka baadaye, hakuna aliyerudi kuichukulia lita tano kama kitu kidogo.

Wenzangu wanataka kamera. Mimi nilikuwa nafikiria kufuli. Kuna mmoja anataka tumfute nahodha kesho asubuhi. Nyinyi mnaonaje?

Kasarani Mtulivu

Uza boti, nunua matatu. Mwizi wako utamjua kwa jina na atakuita bosi.

Lori Mlolongo

Usicheke, ndugu yangu, ugonjwa ni ule ule. Sisi wa malori tumeumwa miaka mingi Mlolongo, Maai Mahiu na Salgaa. Mafuta ya gari lililosimama huibwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni mgeni mwenye mpira na mtungi. Ya pili ni wako mwenyewe anayeuza kidogo kidogo. Ya tatu ni mafuta ambayo hayakuwahi kuingia kwenye tangi, ila risiti unayo. Kabla hujanunua kufuli jua unaibiwa kwa ipi, kwa sababu kufuli linamzuia wa kwanza tu.

Halafu kuhusu vidude vya kupima mafuta vinavyotuma ujumbe kwenye simu: kwa lori vinasaidia. Kwa boti inayoyumba sina hakika utalala, kitakuamsha kila wimbi likipita. Hata kwa lori madereva walishavijua. Wanaegesha kwenye mteremko ili mafuta yakimbilie upande mmoja na kipimo kidanganyike. Wenye injini za dizeli wanaiba kwenye mpira wa marejesho, ule unaorudisha kwenye tangi mafuta ambayo injini haikuyachoma. Yanatoka taratibu injini ikiunguruma, na kwenye kompyuta yanaonekana kama gari limekunywa sana. Mtu wa ofisini anaona lori bovu, kumbe lori ni zima.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu Donholm, mimi siku hizi nakaa South B kwa binti yangu, lakini maisha yangu nimeyamaliza Mtwapa na Kilifi. Nikwambie ya pwani, ya Naivasha utapima mwenyewe.

Kwanza, boti inayolala majini haiibiwi ovyo ovyo. Mwizi ana kalenda. Kwetu bamvua ikifika maji yanakupwa sana, bahari inashuka zaidi ya mita tatu, na boti iliyokuwa ikielea inakaa kwenye tope. Mtu anaitembelea kwa miguu, hahitaji hata mtumbwi. Na bamvua ni mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Huo mwandamo ndio usiku wa giza, na maji yanapwa kabisa mnamo saa nne, saa tano za usiku, watu wamekula na walinzi wamelegea. Mimi mlinzi wangu nilimlipa zaidi usiku huo, na siku za maji mafu, zile ambazo bahari haishuki sana, nikamwacha alale. Mabosi wa Nairobi wanamlipa mlinzi sawasawa mwezi mzima halafu wanashangaa.

Pili, kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini. Kuanzia Aprili boti nyingi za starehe zinafungwa, hakuna anayezipanda kwa miezi. Zimeachwa na matangi yamejaa, kwa sababu mwenyewe alisikia tangi lililojaa haliingii unyevu. Kweli haliingii unyevu. Linaingia mpira. Mafuta ya boti iliyolala yakiibwa Mei, mwenyewe anajua Septemba, na hapo utamshika nani? Boti ikifungwa kwa kusi, petroli itolewe yote. Hata isipoibwa itachacha.

Tatu, Naivasha hamna maji kupwa wala kujaa. Mna ziwa linalopanda na kushuka kwa miaka, kama lilivyopanda 2020 likameza ngazi za watu. Mna viboko pia, basi mtu hawezi kuogelea hadi botini usiku kama ana akili zake. Aliyefika alikuja kwa chombo au alipita ngazini. Vyombo vinavyotembea usiku hapo ni vya nani? Soja anavijua vyote kwa sauti ya kasia. Usimuulize nani aliiba. Muulize nani alipita.

Fundi Kariobangi

Natengeneza mashine za boti na jenereta hapa Light Industries, naomba niseme ya ufundi.

Mpira hauna uchawi. Ili mafuta yatiririke yenyewe, ncha ya nje lazima iwe chini kuliko uso wa mafuta yaliyo ndani. Kwa lori ni rahisi, tangi liko juu na mtungi uko chini barabarani. Kwa boti yenye tangi la kudumu chini ya sakafu, mara nyingi tangi liko sawa na maji au chini yake, na mwizi amekaa kwenye mtumbwi hapo ubavuni. Mafuta hayatamfuata. Anahitaji pampu ya mkono, na pampu ina kelele na inachukua muda. Kwa hiyo boti kama hiyo ikipoteza mafuta mengi usiku mmoja, kimya kimya, ujue aliyetoa alikuwa ametulia ndani ya boti.

Lakini yako, Donholm, haihitaji hata mpira. Tangi la kubebeka unabonyeza kiungio kimoja, unalibeba, unalimimina kwenye mtungi wako, unarudisha. Dakika chache. Kufuli kwenye kifuniko halisaidii kitu kama tangi zima linabebeka.

Na hizi boti kubwa, kile kifuniko cha sitaha chenye matundu mawili, ufunguo wake mara nyingi ni wa aina moja. Hata koleo ndogo inakifungua. Ukitaka cha kufungwa kwa ufunguo kipo, ila tafuta cha chuma cha pua au shaba, maana cha bei rahisi kule baharini hakimalizi mwaka. Kikishaoza utakivunja wewe mwenyewe kwa nyundo.

Roysambu Tech

Weka tu vali ya kuzuia kunyonya. Nimeona zinauzwa mtandaoni, zimeandikwa za boti kabisa. Mjadala umeisha.

Fundi Kariobangi

Haujaisha, kaka. Vali hiyo ya boti inakaa pale mpira wa injini unapotokea kwenye tangi. Kazi yake ni kwamba mpira ukikatika, tangi lisijimwage lote ndani ya boti. Ni ya usalama wa moto. Mwizi anayepita kwenye mdomo wa kujazia haigusi kabisa. Ya malori ndiyo ya wizi, lile chujio la chuma linalowekwa mdomoni mpira usipite. Majina yanafanana, ndiyo maana watu wanauziwa moja wakitaka nyingine.

Lori Mlolongo

Na lile chujio wakilishindwa wanatoboa tangi kwa chini. Nimeziba matangi mpaka fundi wa kuchomelea akawa ananiita shemeji.

Mama wa Gikomba

Nimesoma hadi hapa, naona wanaume mnazungumza kufuli na vali na hakuna aliyeuliza swali moja: Donholm, wewe unajuaje kuwa tangi lilijaa? Umeambiwa. Unajuaje kuwa limefika nusu? Umeambiwa. Umeshuhudia nini hapo kwa macho yako?

Nauza samaki Gikomba na nina mitumbwi Mbita, Ziwa Victoria. Niko Umoja, Mbita sifiki mara nyingi. Nafanya hivi, na sijawahi kuhitaji kamera.

Kila ufuo una mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki. Tangi likiwa tupu linapimwa, na uzito wake unaandikwa ubavuni kwa rangi. Baada ya hapo mafuta hatuyapimi kwa jicho, tunayaning'iniza. Lita moja ya petroli ni kama gramu 740. Tangi la lita 25 likijaa, mafuta peke yake ni kilo 18 na nusu. Jioni likitoka botini linaning'inizwa, picha inapigwa sahani ya mizani ikionekana, inatumwa kwangu. Asubuhi tena kabla ya kushusha chombo majini. Kilo moja ikipungua, lita moja na theluthi imekwenda. Hakuna kubishana, hakuna "mama, ni mawimbi".

Na sikiliza uzuri wake. Mwizi mjanja anaiba lita tano, anarudisha lita tano za maji, ukichungulia tangi limejaa. Maji yanazama chini ya petroli huwezi kuyaona. Ukitumia jicho umekwisha, mashine itakufia katikati ya ziwa na wageni ndani. Ukitumia mizani, tangi limekuwa zito kuliko lililojaa petroli tupu. Lita tano za maji zinaongeza zaidi ya kilo moja. Tangi lililojaa halafu likazidi uzito wake halina maelezo mengine.

Jambo la pili. Kwa nini tangi linalala botini? Mbita hatuachi hata mashine. Jioni mashine inafunguliwa, ile ndogo anabeba mtu mmoja begani, ile ya 40 wanaibeba wawili kwa mti, inakwenda stoo inayoangaliwa na kamati ya ufuo, BMU. Chombo kinabaki mbao tupu. Tangi tupu pia linakwenda. Wizi wa mashine ziwani kwetu si hadithi, kwa hiyo tulizoea. Nyinyi wa Naivasha mnaacha lita 50 juu ya maji usiku kucha, kisha mnatafuta mwizi.

Boti Donholm

Mama, umenifunga mdomo. Nahodha anasema kubeba tangi hadi stoo usiku ni kazi ya ziada na si kazi yake.

Mama wa Gikomba

Basi ilipe. Kilo ishirini na kitu, mara mbili kwa siku, ni kazi. Unamlipa kiasi gani siku ambayo wageni hawaji? Nijibu hapa hapa, tuko watu wazima.

Boti Donholm

Siku ambayo hakuna wageni hatumlipi. Analipwa kwa safari.

Mama wa Gikomba

Eeh.

Kijana wa Karagita

Mimi ni wa huku Naivasha, nafanya kazi ya boti, si kwa huyu jamaa. Wacha niwaambie ukweli wa ngazini. Bosi wa Nairobi anatuma pesa ya mafuta ya safari ya saa moja. Wageni wanataka kufika hadi Crescent Island, wanaona twiga, wanataka kuzunguka tena. Bosi hajui. Mafuta yanayozidi nahodha atatoa wapi? Na boti ya jirani ikiishiwa katikati ya ziwa tunampelekea lita tatu, hiyo ni sheria ya maji, kesho ni mimi. Zile lita tatu haziandikwi popote. Jumatatu bosi anapiga hesabu, tayari wewe ni mwizi.

Sisemi hakuna wizi. Upo. Kuna watu wanatoka kwenye mafunjo na mtumbwi usiku, wanajua boti gani ina tangi. Na kuna manahodha wanauzia boda mtungi kila jioni. Lakini msitutie wote kapu moja.

Nahodha Mstaafu

Kijana amesema kweli. Kumsaidia aliyeishiwa si jambo la kuomba ruhusa. Ila liandikwe, mwanangu. Daftari la shilingi chache linaokoa jina la mtu.

Fundi Kariobangi

Kwa hesabu ya safari kuna kifaa kidogo cha kuhesabu masaa ya injini. Hakifungwi popote kwa ugumu. Waya wake unauzungusha kwenye waya wa plagi na kila plagi ikitoa cheche kinahesabu. Luthuli utakipata, au kwa wauza spea za pikipiki Kirinyaga Road. Kisha panda boti yako mwenyewe siku moja, pima mafuta kabla na baada, soma masaa. Mashine kama yako ya kabureta ikikanyagwa mwisho inakula lita 18 hadi 20 kwa saa. Ikienda polepole kuwatazama viboko haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo usitumie namba ya mtandaoni, tumia ya boti yako, kwa mwendo wa wageni wako. Mtu akikwambia saa mbili zimekula lita 40 na wageni walikuwa wakipiga picha za ndege, hapo muulize.

Na usimsumbue mtu kwa nusu lita. Petroli ikipata joto inavimba, karibu asilimia moja kwa kila nyuzi kumi. Asubuhi ya baridi ya Naivasha na mchana wa jua, kwa jicho tangi lile lile linaonekana tofauti. Skrubu ya hewa ikiachwa wazi juani nyingine inapaa. Mizani ya Mama haidanganywi na kuvimba, hilo nampa.

Kingine kidogo. Ukinunua mafuta, changanya oili hapo hapo, usisubiri kufika botini. Nusu lita kwa lita 25 kama kitabu cha mashine yako kinasema moja kwa hamsini. Petroli iliyochanganywa boda haiitaki, pikipiki yake ni ya mipigo minne, itatoa moshi na plagi itajaa masizi. Soko la mwizi linabaki kwa wenye boti tu.

Kijana wa Karagita

Fundi, wanaichanganya na safi, lita moja kwa tano, boda hajui. Lakini ni kweli bei yake inashuka. Mnunuzi akiona rangi ya oili anabishana.

Githurai Kamili

Mimi ningeweka mtungi wa chambo. Petroli na sukari. Aibe, akaue injini yake, apatikane mwenyewe.

Fundi Kariobangi

Sukari haiyeyuki kwenye petroli, inakaa chini kama mchanga. Na atakayechanganya mitungi gizani ni nahodha wako, utaua mashine yako. Acha.

Mama Nurse Kayole

Naomba niseme kitu kabla mambo hayajawa mchezo. Anayenyonya mpira kwa mdomo, awe mwizi au nahodha anayehamisha mafuta kihalali, akimeza au ikampalia ikaingia mapafuni ni hatari kubwa. Msimtapishe, msimpe maziwa ya kumtapisha. Apelekwe hospitali. Tunawapokea, hasa vijana wadogo.

Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini kwenye sakafu ya boti mahali ambapo hamuuoni. Mwizi akikata mpira usiku na petroli ikamwagika, asubuhi nahodha akavuta kamba ya kuwasha, au mgeni akawasha sigara, mmepata msiba. Hatuhitaji kukumbushwa moto wa Sinai 2011, wala Sachangwan 2009 ambako watu zaidi ya 100 waliungua kwa mafuta yaliyomwagika. Boti ikionekana imeguswa usiku, inue sakafu, nusa, kausha, acha ipigwe na upepo kwanza.

Wakili wa Ngara

Yule mwenzako anayetaka nahodha afutwe kesho asubuhi, mwambie apumue. Kama nahodha ni mwajiriwa wenu, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama, na asikilizwe kabla ya kufutwa. Kumkata mshahara nako kuna mipaka. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara aliyoisababisha makusudi, na makato yote hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. "Nahisi ni yeye" haimo humo. Na msijidanganye kwamba kumlipa kwa safari kunamwondoa kwenye sheria, mahakama itaangalia uhusiano wenyewe.

Mkiwa na ushahidi, hiyo ni jinai. Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida ni hadi miaka 3, kifungu cha 275. Mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake ni hadi miaka 7, kifungu cha 281. Na yule wa boda anayenunua mtungi akijua ni wa wizi yuko kifungu cha 322, hadi miaka 14. Watu wa ngazini hawajui kwamba mnunuzi anaweza kufungwa zaidi ya mwizi. Hilo moja likisemwa kwa sauti pale wanapoegesha boda, linafanya kazi kuliko bango.

Mkipoteza kitu, kaandikisheni kituoni mpate namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, hata kama ni lita kumi. Wizi wa tano ukiandikishwa unaonekana kama mtindo.

Na msimshike mtu mkampiga. Hapo mshtakiwa atakuwa wewe.

Kasarani Mtulivu

Mimi nimekuja kucheka, nimetoka na digrii.

Boti Donholm

Mrejesho kidogo. Tulinunua mizani ya kuning'iniza. Tulikubaliana na nahodha: malipo ya kila siku ya kulinda na kubeba matangi, kando na ya safari, na daftari la kuandika mafuta aliyosaidia wenzake. Petroli sasa nailipa mwenyewe moja kwa moja kwenye till ya kituo nikiwa hapa Nairobi, hakuna pesa taslimu inayopita mkononi mwa mtu.

Jumamosi tukapima kila hatua. Usiku hakuna kilichopungua, tangi lililala stoo na kilo zake zote. Lakini mtungi niliolipia lita 20 ulifika ngazini ukiwa na kilo 12 na kidogo za mafuta. Hapo kuna lita tatu na zaidi zimepotea kati ya pampu na ngazi, kwenye pikipiki inayoleta mafuta. Njia hiyo hakuna aliyekuwa akiitazama.

Lori Mlolongo

Nilisema ya tatu. Risiti unayo, mafuta huna.

Mama wa Gikomba

Usishangilie hiyo ya usiku. Wiki ya kwanza mizani ikifika kila mtu ni malaika. Endelea kupima hata watakapochoka kukucheka. Na usikimbilie kumvaa wa pikipiki, huenda pampu ndiyo fupi. Tuma mtungi huo huo kituo kingine, upimwe pale pale pampuni mbele ya mhudumu, kisha ngazini. Ukipungua pampuni, kapige ripoti kwa Weights and Measures, watu wa serikali wanaokagua vipimo. Ukipungua njiani, ndipo uzungumze na kijana.

Lori Mlolongo

Na tia sili kwenye kifuniko cha mtungi. Zile za plastiki zenye namba, kama za mita. Mhudumu anafunga, anakupigia picha ya namba, ngazini inakatwa mbele ya nahodha. Haizuii mtu mwenye kisu. Inamnyima nafasi ya kusema hajui.

Kilifi Dizeli

Samahani kuingia na ya kwangu. Boti ya uvuvi, injini ya ndani, dizeli, tangi la lita 200 chini ya sakafu. Siwezi kulibeba hadi stoo. Nami niko Buruburu, boti iko kule.

Fundi Kariobangi

Wewe huwezi kuning'iniza, basi pima kwa kijiti. Fimbo ya mbao iliyonyooka, uitie alama ukijaza tangi lita kumi kumi, boti ikiwa imekaa sawa bila mtu upande mmoja. Usiiamini geji, inalala na boti. Kifuniko cha sitaha kiwe cha ufunguo. Pale kwenye sahani ya geji juu ya tangi badilisha skrubu mbili ziwe za kichwa kisicho cha kawaida, maana wengi wanapita hapo. Mfuniko wa sakafu uwe na kufuli la shaba, ulipake grisi. Vali ya kutoka kwenye tangi ifungwe kila usiku na nahodha aandike. Na mpira wa marejesho, aliosema wa Mlolongo, ukague kama una kiungio ambacho hukuwahi kukiweka. Chujio la kutenga maji lifunguliwe kila wiki kwa chini. Maji yakiwa mengi ghafla, mtu amejazia.

Nahodha Mstaafu

Na usijaze lita 200 ukijua safari ni ya lita 60. Tia ya kwenda na kurudi na theluthi moja ya akiba. Bahari haitabiriki, hiyo theluthi usiiguse hata kwa woga wa wezi.

Boti Donholm

Fundi, nataka sanduku la chuma la kufungia matangi mchana boti ikiwa ngazini, wakati wageni wanakula. Mafundi wa chuma wa Kamukunji wananifanyia?

Fundi Kariobangi

Wanafanya vizuri sana. Mwambie atoboe matundu chini na juu, si juu peke yake, ule mvuke mzito utoke, na lisiwekwe karibu na betri. Bawaba ziwe ndani. Pale kufuli linapoingia pazungushiwe chuma, kikata kufuli kisipate nafasi ya kuuma. Beba tangi lenyewe ukienda kupima, likiwa tupu na limeoshwa, na uende na mpira wake ukiwa umeunganishwa. Wengi wanapima tangi peke yake, wanasahau kiungio kinachochomoza, wanarudi Naivasha na sanduku lisilofunga.